Wino wa Usiku ni Mwekundu

Kwa miaka ishirini na sita watu wa mtaa wa Katuba walimwita Mama Kinini, na hakuna hata mmoja aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kinini ndiyo ile dawa chungu ya malaria. Ukisikia watoto wa mtaani wanapiga kelele "Kinini anapita!", ujue Émerance Ngalula ndiye anapita, kitambaa kichwani, mkoba kwapani, shingo wima, anajifanya hakusikia kitu. Alisikia. Alisikia kila siku, na kila siku aliweka akibani. Watu husema muda huponya. Uongo mtupu! Muda haukumponya Ngalula chochote. Ulimnolea kisu tu.

Tuanze na baba yake, maana bila baba yake hutaelewa hasira hii ilitoka wapi.

Papa Antoine aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, akawa muuguzi wa kambi za wachimba shaba, zamani za Wabelgiji. Siku zile uuguzi ulikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke aliachiwa kufagia wodi na kufua mashuka yenye damu, na akibahatika sana, kumshika mgongo mama anayejifungua. Papa Antoine alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, alikuwa na baiskeli, na kambi nzima ilimwita munganga, yaani daktari. Lakini mlango wa kuwa daktari ulikuwa umefungwa kwa mtu mweusi, na daktari wake Mzungu alimwita "boy" mpaka siku alipopata mtoto wa nne. Kisha uhuru ukaja, Wabelgiji wakafunga virago, na hospitali zikabaki mikononi mwa "boy" hao hao. Wakazalisha, wakapasua, wakafunga majeraha ya vita. Na kila siku ya Mungu waliandika kitabu.

Hicho kitabu ndicho chenye mambo. Kila wodi ina kitabu kimoja kikubwa cha ripoti. Muuguzi anayetoka zamu anaandika humo yote aliyofanya, saa kwa saa, na saa zenyewe anaziandika pembeni kushoto. Asubuhi anasimama mbele ya wanaoingia, anasoma kwa sauti, kitanda baada ya kitanda, na anayepokea anatia sahihi. Wenyewe wanaita remise-reprise. Na kuna sheria moja ambayo mtoto wa shule ya uuguzi anafundishwa wiki ya kwanza: zamu ya mchana inaandikwa kwa biki ya bluu, zamu ya usiku kwa biki nyekundu.

"Usiku ni nyekundu," Papa Antoine alimwambia binti yake wa mwisho, akiwa bado anaota meno ya pili, "juu kesho bajue tulikuwa macho wakati beye balikuwa banalala. Na kitu chenye hakikuandikwa, hakikufanyika. Unasikia, Ngalula? Buku haina ndugu."

Hata hivyo binti aliposema anataka kuwa muuguzi, mzee alikataa katakata. "Aka! Mwanamuke wa kuosha banaume bengine usiku, nani atakuoa?" Mtaani walisema mabaya zaidi: kwamba msichana anayerudi nyumbani asubuhi na jua, hata akivaa nyeupe, kazi yake inajulikana. Ngalula aliziba masikio akaenda shule ya uuguzi. Siku alipopata diploma, nusu ya darasa ilikuwa wasichana. Papa Antoine alimsugulia viatu vyake vyeupe kwa mkono wake mwenyewe, akampa biki mbili: moja ya bluu, moja nyekundu.

Sasa ingia Léonard.

Léonard alikuwa chef, yaani mkuu, wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya mjini hapa, jina tuliache. Mwanamume mrefu, sauti nzito, mkono mwepesi. Alizoea kufika kabla ya kila mtu, na kila kitu alikifanya haraka, kama vile kuna gari linamngoja nje. Machi ya mwaka 1999, kumepambazuka, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, zamu ya usiku ya Ngalula bado haijaisha. Kitanda cha sita alilala Kunda, mtoto wa miaka minne, malaria imempanda kichwani, kinini inamwingia polepole kwa dripu. Mama yake, Mwenya, alikuwa ametoka uani kuchemsha maji kwenye mbabula, jiko la makaa. Ngalula alikuwa kitanda cha kumi na moja, ameshika mtoto mwingine anayetetemeka kwa degedege, mikono yote miwili imebanwa.

Léonard akaingia. Akatazama dripu. "Hii inachelewa," akasema. Akachomoa dawa kwa sindano, akaisukuma yote ndani ya mshipa mara moja.

"Chef, hapana!" Ngalula alipiga kelele.

Kinini haisukumwi hivyo. Inasimamisha moyo. Mwanafunzi anajua, Léonard alijua, na mkono wake mwepesi ulitangulia akili. Kabla Mwenya hajarudi na maji yake, Kunda alikuwa amekufa.

Ngalula aliandika. Aliandika kwa biki nyekundu, saa pembeni kushoto, jina la chef waziwazi. Hakuna remise-reprise asubuhi ile. Léonard alichukua kitabu, akajifungia nacho ofisini. Kilipotoka kilikwenda moja kwa moja kwa wakubwa, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mpya uliosema kwamba infirmière Ngalula, muuguzi wa zamu, ndiye alisukuma dawa.

Waliokaa kumhukumu walikuwa madaktari wawili na bwana mmoja wa ofisini. Daktari hasomi kitabu cha muuguzi. Tangu enzi za Wabelgiji hasomi, na safari hii alisoma kwa kuwa amelazimika tu, akasoma maneno, akafunga. Ngalula aliomba aonyeshwe ukurasa. Wakamwambia hiyo si kazi yake. Alisema, "Haiko mi. Ni chef." Wakamtazama kama anayetukana. Kitabu kikafungiwa kwenye kabati la ofisi ya mkurugenzi, na Ngalula akaondolewa kwenye uuguzi. Ili asife njaa, walisema, abaki kama mfagizi.

Léonard mwenyewe ndiye aliyempeleka koridoni. Hata hakumtazama usoni. Akaonyesha kwa kidole fimbo yenye mpira wa kukusanyia maji sakafuni.

"Raclette iko nyuma ya mulango," akasema, akaenda zake.

Yale maneno, jamani! Matano tu. Ngalula alilala nayo, akaamka nayo.

Mwenya alimkuta sokoni wiki ile ile akamtemea mate usoni mbele ya wauza mboga. Ngalula hakumchukia kwa hilo. Mama aliyefiwa ana haki ya kutema mate, shida ni kwamba aliyatema kwa mtu asiyestahili. Lakini kilichomvunja mgongo ni cha nyumbani. Papa Antoine alimwita, akamkalisha mbele yake.

"Buku inasema nini?"

"Papa, buku inadanganya."

"Buku haidanganyaka," mzee akasema. Basi.

Miaka miwili baadaye mzee aliugua, akahitaji sindano kila siku kwa majuma matatu. Akaagiza aitwe kijana wa zahanati ya jirani aje kumpiga hizo sindano, na binti yake amekaa pale pale kwenye kiti, mikono mapajani. Alikufa akiamini mwanawe ni muuaji wa mtoto. Mtu akikufanyia hivyo, umsamehe? Wewe msamehe. Ngalula hakusamehe.

Miaka tisa alipanguza sakafu ya hospitali ile. Baadaye magoti yakagoma, wakamweka stoo ya vitabu vya zamani, apange na kufuta vumbi. Na Léonard? Alipanda. Akawa chef wa wauguzi wote, akafundisha wanafunzi, akanenepa shingo. Na unajua alifanya nini? Kila mwaka, akifika kwenye somo la kinini, aliwasimulia wanafunzi habari ya "musichana mumoja wa uzembe" aliyeua mtoto kwa haraka zake. Halafu wakipita koridoni alimwonyesha kwa kidevu. Macho ishirini yanamgeukia Ngalula na rakleti yake. Kila mwaka! Aibu aliyomvisha hakutosheka nayo, aliigeuza somo.

Basi, Mungu hajalala. Mwezi wa pili mwaka huu mvua ilipasua paa la ofisi ya mkurugenzi. Makabati yakamwagwa, na vitabu vilivyolowa vikaletwa stoo kwenye toroli, vianikwe. Ngalula alikuwa anavifungua kimoja kimoja juani. Akafika kwenye kile cha wodi ya watoto, 1999.

Akafungua Machi. Akatazama. Akakaa chini kwenye saruji.

Ukurasa ulikuwa wa bluu.

Kurasa zote za usiku kabla yake nyekundu, na huo mmoja bluu. Léonard alikuwa mtu wa mchana miaka mingi, mfukoni mwake mlikuwa na biki moja tu. Katika haraka zake alighushi usiku kwa wino wa mchana. Na pale ukurasa halisi ulipochanwa, kando ya uzi, ulibaki utepe mwembamba wa karatasi. Kwenye utepe huo, pembeni kushoto, saa zilikuwa bado zimesimama kwa mwandiko wake Ngalula, nyekundu: 04h30. 05h15. 05h50.

Ngalula alicheka. Alicheka mpaka kooni kukauma, halafu akalia, maana alimkumbuka baba yake. Mzee angeuona ukurasa ule kwa kope moja tu, angejua. Hakuna aliyemwonyesha.

Mwingine angekimbia siku hiyo hiyo kwa mkurugenzi. Ngalula hakukimbia. Mlango ule alikwisha kuugonga. Kitabu kingerudi kabatini, na kesho panya wangekula ule utepe. Isitoshe, hakutaka barua ya kumwosha jina ofisini. Alitaka Léonard asome. Kwa mdomo wake, kwa sauti, mbele ya watu, na Mwenya akiwepo. Akakifunga kitabu ndani ya kitenge, akangoja.

Hakungoja sana. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano ni siku ya wauguzi, na mwaka huu ilikuwa pia siku ya Léonard kustaafu. Chumba kipya cha mazoezi ya wanafunzi kingepewa jina lake. Na hospitali ile ina desturi yake: muuguzi anayestaafu anafanya remise-reprise ya mwisho. Anapewa kitabu cha zamani cha wodi yake, anasoma usiku mmoja mbele ya wote, na muuguzi kijana anapokea na kutia sahihi. Mkurugenzi alituma mtu stoo: Mama Ngalula atafute kitabu kizuri cha wodi ya watoto.

"Niko nacho," Ngalula akajibu. "Kizuri sana."

Siku mbili kabla, alikwenda soko la Katuba, kwenye meza ya Mwenya anayeuza samaki wakavu wa Pweto. Mwenya alipomwona, kisu kilisimama mkononi.

"Kinini. Unatafuta nini ku meza yangu?"

"Kuya ku hospitali tarehe kumi na mbili, saa ine ya asubui."

"Kufanya nini? Kuona venye banakupatia medali?"

"Kusikia buku ya Kunda. Miaka yote ile ulisikia tu mudomo ya bantu. Siku ile utasikia buku. Ukisha kusikia, kama ungali unataka kunitemea mate, mi mwenyewe nitaleta uso karibu."

Mwenya alikata kichwa cha samaki kwa pigo moja. Lakini alikuja.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, maua, meza ya Fanta na Coca kando, wanafunzi wamesimama ukutani kwa nyeupe zao. Léonard alivaa suti nyeusi, utepe kifuani, miwani mipya. Hotuba zikapigwa: bidii yake, mkono wake, watoto wangapi aliokoa. Ngalula alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, viatu vyake vyeupe vya zamani mguuni, vile alivyosuguliwa na baba yake. Miaka ishirini na sita hakuvivaa.

Kitabu kilikuwa tayari mezani, Ngalula amekifungua mwenyewe, kitambaa cheupe kimefunika nusu ya juu. Dorcelle, muuguzi kijana wa wodi ya watoto, alisimama pembeni na biki yake kupokea. Léonard akaondoa kitambaa, akapandisha miwani, akaanza kwa ile sauti yake nzito.

"Service ya watoto. Usiku wa tarehe tisa kuamkia tarehe kumi, mwezi wa tatu, 1999. Wagonjwa kumi na saba. Kitanda cha sita, Kunda..."

Sauti ikakatika. Akataka kugeuza ukurasa.

"Soma, chef," Ngalula akasema kutoka nyuma, na hakuinua sauti sana. "Remise-reprise haikatwaka katikati. We njo ulifundisha batoto hawa."

Watu wakageuka, wakamtazama yeye, wakamtazama Léonard. Wengine walitabasamu, wakidhani ni utani wa wazee wa kazi. Léonard hakuwa na pa kukimbilia. Akasoma. Alisoma kwamba saa kumi na mbili kasoro dakika kumi infirmière Ngalula alisukuma kinini kwenye mshipa bila amri. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio. Akafika mwisho, akamsogezea Dorcelle kitabu haraka.

"Signe."

Dorcelle akainama kutia sahihi, akasita. Wala hakuwa na nia mbaya, mtoto wa watu. Aliona tu kosa lile ambalo mwaka jana Léonard mwenyewe alimnyimia alama.

"Chef, pardon. Hii haiko rapport ya usiku? Juu ya nini iko bleu?"

Weee! Wauguzi wote ukumbini walinyoosha shingo. Madaktari wakaulizana wenyewe kwa wenyewe bluu imefanya nini. Dorcelle akafunua kurasa za nyuma. "Zingine zote za usiku ni rouge, nyekundu. Na hapa kuna paje balipasula... saa zake zinabakia. Rouge. 05h50." Akamtazama Léonard, na uso wake ukabadilika.

Ngalula alikuja mbele. Alitembea polepole, viatu vikilia kwenye vigae.

"Ile rouge ni mukono yangu," akasema. "Ile bleu ni mukono ya chef. Usiku ule mi njo nilikuwa na zamu, garde. Mi njo nilikuwa na bic ya usiku. Munganga anaweza kusahau mambo mingi, lakini hakuna muntu wa garde anaandikaka usiku na bleu. Aliandika ni muntu mwenye alitoka nyumbani kwake amelala muzuri."

Hapo Mwenya akasimama. Wengi hawakumjua. Walisikia harufu ya samaki tu, wakampisha. Alikwenda akasimama mbele ya ile suti nyeusi.

"Léonard. Nani alipiga mutoto yangu sindano?"

Léonard alimtazama mkurugenzi, akawatazama wanafunzi wake ukutani. Hakuna aliyemsaidia.

"Dripu ilikuwa inachelewa," akasema. "Nilikuwa na mbio."

"Mbio ya kwenda wapi?"

Léonard hakukumbuka. Mtoto alikufa kwa ajili ya haraka ile, mwanamke mwingine akazikwa hai kwa ajili yake, na mwenye haraka hakukumbuka alikuwa anakimbilia wapi.

Mwenya alishika meza ya vinywaji kwa mikono miwili akaipindua. Chupa zilipasuka, Fanta ikatambaa kwenye vigae mpaka chini ya viti vya wakubwa. Kisha akamgeukia yule aliyemtemea mate.

"Mama Ngalula," akasema. Jina lake, zima, mbele ya watu wote.

Ngalula aliitikia kwa kichwa. Jina lake alilipata. Mwingine angeishia hapo, akakumbatiwa, akaenda nyumbani kulia kwa raha. Lakini nilikwambia kisu kilinolewa miaka ishirini na sita.

Léonard alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ngalula," akasema kwa sauti ndogo, "unisamehe. Mbele ya Mungu, unisamehe."

Ngalula alimtazama. Alimwona Papa Antoine amelala, mkono amemnyooshea kijana wa zahanati. Akatazama sakafu iliyojaa maji ya chungwa na vipande vya chupa.

"Raclette iko nyuma ya mulango," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogea kumsaidia, wala mkurugenzi, wala wanafunzi. Wazee walisema muosha huoshwa. Léonard alisubiri kidogo, pengine mtu angesema hapana, inatosha. Akavua utepe kifuani, akaenda nyuma ya mlango, akachukua rakleti, na akaanza kuvuta maji katikati ya viti, suti imelowa magotini.

Ngalula alisimama juu yake mpaka mwisho, na Léonard alipotaka kurudisha fimbo nyuma ya mlango, alimwonyesha kona moja aliyoisahau.